Sura ya Nne: Hewa ya Kiwanja cha Sunny

Roselyne Nasambu hakupenda kuhoji mtu aliyeshika kikombe. Kikombe huipa mikono kazi, naye alipenda kuiona mikono ya watu ikiwa haina pa kwenda. Kwa hiyo chai ya Sunny ilikuwa inapoa juu ya meza, katika ofisi iliyo nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, baina ya sampuli za vigae na kopo la rangi lililofungwa vibaya.

"Madam, mimi sitaki maneno mingi," alisema Sunny, ambaye alikuwa hajanyamaza tangu Nasambu aketi. "Wewe unajua, mimi najua, Tongaren yote inajua. Ni Wabwile na hiyo draya yake ya mahindi."

"Umeuona moshi wake?"

"Nitaona aje na niko Kitale?"

"Basi umejuaje?"

"Bana, bomba la moshi ni moja tu pale. Limesimama kama kidole. Sasa moshi itoke wapi, kwa kanisa?"

Nasambu, afisa wa upelelezi katika ofisi ya mazingira Bungoma, hakuandika neno. Mpaka hapo hakuwa amesikia jambo la kuandika.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Sunny alitaka kujenga nyumba themanini kwenye shamba alilonunua Tongaren. Kabla mtaa mpya haujaidhinishwa, hewa ya mahali hapo hupimwa, kwa kuwa ni nafuu kupima kabla ya watu kuhamia kuliko kuwasikiliza wakikohoa baadaye. Mtaalamu mmoja wa Eldoret, Kimaiyo, alitundika mashine ya kupima hewa kwenye nguzo katikati ya shamba, akamwachia mlinzi, akarudi zake. Mashine ilikuwa na laini ya simu, ikimtumia namba huko huko aliko. Namba zilipojumlishwa, moshi wa shamba hilo la wazi, lisilo na kitu ila majani na upepo, ulizidi kiwango mara tisa. Nasambu aliwahi kupima kando ya barabara kuu Webuye, malori yakinguruma mlimani, na hakupata hata nusu ya hiyo.

Kanuni ilimpa mkubwa wake njia mbili: kuukataa mradi, au kukifunga chanzo cha moshi. Mkubwa huyo, ambaye Sunny alikuwa amempigia simu kabla hajamaliza kunyoa ndevu, alichagua njia ya pili. Amri ya kuifunga draya ya Wabwile ilikuwa imetiwa sahihi na kukunjwa ndani ya mkoba wa Nasambu. Ilibaki kumkabidhi mwenyewe kabla ya jioni.

Kasoro ya Nasambu, kwa maneno ya mkubwa wake, ilikuwa hii: alitaka kuuona moto kabla ya kuuzima.

"Unaenda sasa?" Sunny aliuliza.

"Naenda."

"Ukifunga, unipigie."

"Nikipata cha kufunga, nitakupigia."

*

Draya ya Wabwile, ya kukaushia mahindi, ilikuwa jengo la mabati lenye tanuru la matofali ubavuni. Mwenyewe alimpokea mlangoni, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya gambuti, akamsalimu "Mulembe" mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

"Fungua tanuru," Nasambu alisema.

"Madam, hapo naomba tusifungue."

"Kwa nini?"

Wabwile alitazama huku na huku, akainama. "Kuna mtu ndani."

Nasambu aliufungua mlango wa chuma mwenyewe. Ndani, juu ya majivu yaliyofunikwa kwa nyasi, kuku mwekundu aliyeatamia alimkazia macho kama karani aliyeingiliwa wakati wa chakula.

"Ameanza kuatamia kabla hiyo mashine ya Sunny haijaletwa," Wabwile alisema kwa sauti ya chini. "Bibi yangu aliniambia nikimsumbua huyo kuku, nitaatamia mimi."

"Kuku anaweza kuwekwa hapo asubuhi ya leo."

"Ati niweke kuku kwa ajili yako?"

"Watu wameniwekea vitu vikubwa zaidi."

Nasambu alivaa glavu, akaingiza mkono chini ya kuku, akadonolewa, akatoa yai. Alilizungushia vidole na kulielekeza kwenye jua. Ndani kulikuwa na kivuli kizito, na mishipa myembamba imetambaa pembeni. Alilirudisha, akadonolewa tena. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakisukuma juu ndani ya bomba kwa fimbo, akakishusha. Kilishuka na utando wa buibui, vumbi la kahawia na buibui mwenyewe. Masizi mabichi hayakuwepo.

"Yai hili limeatamiwa zaidi ya wiki. Na hili bomba halijapitisha moshi tangu msimu uliopita."

"Madam, kwani ulisomea kuku?"

"Kemia."

Wabwile alikuwa ameiona ncha ya bahasha kwenye mkoba. "Hiyo ni yangu?"

"Bado haijawa ya mtu."

"Kwa sababu mahindi yameanza kukauka shambani, na mvua haijakubali kuondoka." Aliongea taratibu, kama anayemweleza daktari panapouma. "Wakivuna, watu wote wa hapa wanaleta kwangu. Ukifunga draya sasa, mahindi itaoza kwa magunia, na watu watajua ni kwa Wabwile imeoza. Mimi hapa sitakaa tena. Hata kanisani nitaketi wapi?"

Nasambu aliufunga mlango wa tanuru polepole, akimwachia kuku nafasi ya mkia.

"Nionyeshe kiwanja cha Sunny," alisema. "Na unifuate. Nataka shahidi."

"Mimi si ndiye mshukiwa?"

"Utafanya zote mbili."

*

Katikati ya kiwanja nguzo ilikuwepo. Mashine haikuwepo. Chini ya nguzo alisimama mlinzi, Wanjala, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye rungu na koti la mvua, akilinda ndoano tupu.

"Imeibwa," Wanjala alisema kabla ya kuulizwa.

"Lini?"

"Jana."

"Walifanyaje?"

"Walikata kamba, Madam. Wezi wa siku hizi ni wabaya."

Nasambu aliiokota kamba chini ya nguzo. Haikuwa imekatwa. Fundo lilikuwa limefunguliwa, na kamba ikakunjwa mizunguko mitatu safi, kama inavyokunjwa na mtu anayejua atairudia.

"Wezi wenye adabu," alisema. "Wamekukunjia na kamba."

Wanjala alitazama mbali. Hapo Nasambu akagundua jambo lingine: kijana huyu alikuwa akitazama mbali upande mmoja tu. Mgongo wake ulielekea mashariki, ambako boma moja lilikuwa nyuma ya ua wa miti. Nasambu alihama kidogo ili amwone usoni. Wanjala naye akahama. Nasambu akahama tena. Wanjala akazunguka nguzo, mgongo ukibaki mashariki, kama alizeti inayolichukia jua.

Nasambu alimpigia Kimaiyo.

"Mashine yako imeibwa jana," alimwambia.

"Haiwezi," Kimaiyo alijibu kutoka Eldoret. "Haijaacha kutuma hata saa moja."

"Inatuma hata sasa?"

"Niko nayo hapa kwa simu. Iko sawa. Ngoja." Alirudi akiwa na sauti nyingine. "Madam, inapanda. Inapanda vibaya. Hapo kuna moto?"

"Inaweza kukwambia iko wapi?"

"Hapana. Haijui iko wapi. Inajua tu inavuta nini."

Nasambu aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie, akaanza kuzunguka taratibu, akikagua anga. Kaskazini kulikuwa na watu wanaofyatua matofali, lakini matofali yalikuwa bado mabichi, yamepangwa juani, tanuru lao halijajengwa hata nusu. Magharibi lilionekana bomba la Wabwile.

"Ona," Wabwile alisema, akilinyooshea bomba lake kidole. "Limenyamaza. Andika kwamba limenyamaza."

"Nimeandika."

Kusini hakukuwa na kitu. Mashariki, kutoka paa la nyasi la jiko dogo nyuma ya ua wa miti, moshi mzito wa kijivu ulikuwa unapenya taratibu, kama mtu anayetoka ibadani bila kutaka kuonekana.

"Pale ni kwa nani?"

Wanjala alikagua gambuti zake. "Pale ni mahali."

"Pa nani?"

"Pa watu."

Wabwile alikohoa. "Pale ni kwa Mama Levi, Madam. Huyu ameoa pale. Ameoa Nabwile, dada ya Levi."

"Twende sote," Nasambu alisema.

"Mimi siwezi," Wanjala alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kweli. Hata sauti yake ilibadilika.

Nasambu hakumlazimisha. Yeye mwenyewe alikuwa binti wa Bungoma, na hakuhitaji kuelezwa kwamba mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye mahindi hadi mwingine apite. Zamani aliliona hilo kama suala la heshima tu. Leo alianza kuliona kama njia ambayo ushahidi unaweza kupotelea.

*

Mama Levi alikuwa akichochea maharagwe. Moshi ulikuwa umejaa hadi kiunoni, na juu ya kiuno ulikuwa umejaa zaidi. Nasambu aliinama, akangoja macho yazoee. Juu ya mafiga, kwenye boriti, zilining'inia mbegu za mahindi zilizofungwa kwa maganda yake, nyeusi kwa masizi ili wadudu wasiziguse. Baina ya mafungu mawili ya mbegu ilining'inia mashine ya kupima hewa, nayo nyeusi, ikivuma. Waya wake ulipita dirishani hadi kwenye kibao cha sola kilichowekwa kwa uangalifu juu ya mabati ya choo.

"Usiiguse, mwanangu," Mama Levi alisema. "Iko kazini."

"Kazi gani, mama?"

"Ya panya. Tangu ianze kulia hapa, hakuna panya amegusa mbegu. Huyo mkwe wangu nilikuwa namdharau. Sasa nimenyamaza."

"Ni yeye aliyeileta?"

"Aliiacha kwa geti akakimbia kwa heshima. Hata mvua ilikuwa kubwa. Mtoto wa watu, amekimbia kwa mvua ya mawe."

Nasambu alitoka nje kupumua. Alihitaji maelezo ya watu wawili kuhusu tukio moja, na watu hao hawangeweza kuketi pamoja wala kusemezana. Katikati ya boma palikuwa na ghala la mahindi, la fito, limeinuliwa juu ya miguu minne. Alimweka Mama Levi upande wa jiko. Alimtuma Wabwile akamlete Wanjala kwa nyuma, akamsimamisha upande wa pili, uso ukielekea ua. Yeye akasimama kwenye kona, anapoweza kuwaona wote wawili. Katika miaka yake ya kazi hakuwahi kufanya mahojiano yenye ukuta wa fito katikati, lakini hakuna kanuni iliyokataza.

"Bwana Wanjala, mashine uliitoa kwenye nguzo?"

"Siku ile ile ilipofungwa, mvua ilikuja na mawe, Madam. Nikasema ikilowa mimi nimeisha. Paa la karibu ni hili. Nikaiacha kwa geti, nikijua bibi yangu, ambaye hushinda hapa kwao, ataichukua."

"Na bibi yako?"

"Alikuwa ameenda Suam kuleta vitunguu. Nilikuwa nimesahau."

"Muulize huyo mtu," Mama Levi alisema kwa Nasambu, akiitazama mbingu, "kwa nini hakumtuma Nabwile aje aniambie, aliporudi."

Wanjala alikuwa amesikia kila neno. Alingoja Nasambu amgeukie. "Mwambie mama, Nabwile aliporudi, akina mama walikuwa wameshakuja kupiga vigelegele."

"Vigelegele gani?" Nasambu aliuliza.

"Ya zawadi," alijibu Mama Levi. "Mkwe ameleta kitu inalia peke yake bila redio. Wangekaa kimya?"

"Madam," Wanjala alisema, sauti imeshuka hadi kwenye kola, "ningesema nini? Nimnyang'anye mama mkwe zawadi, halafu nirudi kwangu nilale wapi?"

Mama Levi aliacha kuitazama mbingu.

"Kwa hivyo si zawadi," Mama Levi alisema.

Wabwile, ambaye hakuulizwa, alivua kofia.

"Mwambie nimesikia," Mama Levi alisema, akarudi jikoni kuyatazama maharagwe.

Maungamo hayakumtosha Nasambu. Watu huungama mambo mengi ili waachwe waende. Alifungua simu, akatafuta mchoro wa namba alizotumiwa na Kimaiyo, akamfuata Mama Levi mlangoni. Mstari ulipanda kila alfajiri, ukashuka, ukapanda kidogo saa nne, ukapanda tena adhuhuri na jioni. Draya haina saa za chai.

"Jumanne, mama, adhuhuri, moshi ulipanda ukakaa muda mrefu."

"Githeri. Mahindi na maharagwe, hayaivi haraka."

"Jumatano ulipanda haraka ukaisha."

"Mayai. Nilikuwa na haraka."

"Jumamosi ulianza alfajiri, haukushuka hadi jioni. Ndiyo siku mbaya kuliko zote."

Mama Levi alifikiri. "Jumamosi ni wageni. Akina mama wa kanisa. Tulichinja kuku, tukapika na ugali wa wimbi, na chai."

"Wageni wa nini?"

"Si walikuja kuiona mashine."

Nasambu aliandika hilo kwa mwandiko uleule aliotumia kuandika mengine. Siku iliyokichafua kiwanja cha Sunny kuliko zote ilikuwa siku ya sherehe ya mashine yenyewe.

Lilibaki jaribio moja. "Kimaiyo, uko hapo? Mama, tafadhali toa kuni."

Kuni zikatolewa.

"Inashuka," simu ilisema.

"Rudisha, mama."

"Inapanda."

"Mara ya mwisho. Toa."

"Mwanangu," Mama Levi alisema, "haya maharagwe yataiva mwaka gani?"

"Imeshuka," simu ilisema.

Nasambu alimpigia Sunny.

"Umefunga?" Sunny aliuliza.

"Chanzo nimekipata."

"Funga basi. Funga leo."

"Ni mama mmoja anapika maharagwe."

Nasambu alisikia mtu dukani akiuliza bei ya misumari.

"Maharagwe," Sunny alisema.

"Namba ulizonazo ni za jikoni kwake. Hewa ya kiwanja chako haijawahi kupimwa. Utaanza upya, na hutajenga hata choo mpaka ipimwe."

Alikata simu, akaitoa amri ya kufunga draya, akaiegemeza kwenye nguzo ya ghala na kuandika toka kona hadi kona: haikutolewa, chanzo si hiki. Akamgeukia Wabwile. "Weka sahihi hapa kwamba sijakupa."

"Niweke sahihi ya kitu sijapata?"

"Ndiyo. Wakisema baadaye ulipata, uwe na ya kuwaonyesha."

Wabwile aliweka sahihi. Akarudia herufi ya mwisho ili isomeke. Halafu akashika mguu wa ghala, akitazama upande wa bomba lake.

Mama Levi alikuwa ametoka mlangoni, mwiko mkononi. "Hizo namba za jikoni. Ndizo zinakataza watu wasijengewe nyumba hapo?"

"Ndizo, mama. Mtu hafai kuivuta hewa hiyo."

"Na mimi ndiye nimekuwa nikiivuta?"

"Ndiyo."

"Na sheria inasemaje juu yangu?"

Nasambu aliikumbuka kanuni, kifungu baada ya kifungu. "Sheria ni ya nyumba mpya."

Mama Levi alilitazama jiko lake. "Basi yangu imepona," alisema, akaingia ndani.

Nasambu akaandika mstari ambao fomu haikuuliza: nyumba iliyo karibu zaidi na mradi ihesabiwe; jiko lake liwekewe bomba la moshi kabla ya kibali kutolewa, kwa gharama ya mwenye mradi. Sunny angepiga kelele. Nyumba themanini zingemtuliza.

*

Jumatatu mashine, iliyosuguliwa masizi na kujaribiwa upya na Kimaiyo, ilirudi kwenye nguzo. Wanjala alikuwa amemtuma mkewe kwa Mama Levi na paka, na safari hii alituma pia maneno ya kueleza paka ni wa nini.

Shida ikawa ulinzi. Sunny alimkataa Wanjala. Wabwile alijitolea kulinda mwenyewe. Sunny akasema heri fisi. Sunny alijitolea, Wabwile akasema atafunika mashine kwa shuka. Nasambu aliwasikiliza mpaka wakaisha, akaamua kwamba yeyote mwenye maslahi hawezi kulinda peke yake, na kwa kuwa wote walikuwa na maslahi, wangelinda wote.

Walipangwa mbali na nguzo, upande usiotoka upepo. Sigara zilikatazwa. Gari la Sunny liliachwa kwenye lami, akatembea kwenye matope na viatu vya ngozi, akibeba kiti cha kukunja. Wabwile alikuja na kigoda. Wanjala alisimama, mgongo mashariki.

Kila mmoja aliwatazama wawili wengine. Adhuhuri ilipopita, mawingu yalishuka kutoka Mlima Elgon, na matone ya kwanza yakagonga majani ya mahindi ya jirani. Wanjala alipiga hatua kuelekea kwenye nguzo.

"Hapana," Nasambu alisema.

"Italowa, Madam."

"Imetengenezwa kukaa kwenye mvua. Hicho kifuniko cha juu ndiyo kazi yake."

Wanjala alikitazama kifuniko kwa muda mrefu sana. Mvua iliongezeka. Maji yalianza kujaa kwenye kiti cha Sunny, mahali anapokalia.

"Na sisi, tumetengenezewa mvua?" Sunny aliuliza.

"Nyinyi hapana," Nasambu alisema, akafungua mwavuli wake.